Shajara ya filta: taa nyekundu na vijiti vya udi

Jumamosi, 10 Mei 2025

Taa imewaka leo asubuhi. Nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, chini kabisa ya mashine. Neema ndiye aliyeiona kwanza. "Baba, mashine ni mgonjwa."

Kisafisha hewa hiki tulikinunua tarehe 7 Septemba mwaka jana, baada ya pumu ya Neema kutukesha karibu msimu wote wa baridi. Tunakaa Donholm, Nairobi, gorofa ya tatu, na dirisha la chumba chake linatazama Outer Ring Road. Chini, kando ya geti, Mama Brayo hukaanga mandazi kwa kuni kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Mandazi yake sina neno nayo. Moshi wake ndio hupanda ngazi bila kubisha hodi.

Filta mpya ni shilingi 5,800. Nimemwambia mke wangu tusubiri mshahara. "Baba Neema, taa imesema," akanijibu.

Haya, imesema. Lakini imejuaje? Nimechukua daftari la kurasa 96 lililobaki muhula uliopita, na hilo ndilo swali la ukurasa wa kwanza.

Jumapili, 11 Mei

Kitabu cha maelekezo kinasema filta hukaa miezi 6 hadi 8 kulingana na matumizi, na ukishabadilisha, bonyeza kitufe kwa sekunde tano taa izime. Hakisemi taa inapima nini.

Nimepiga hesabu. Kutoka 7 Septemba hadi jana ni siku 245. Mashine huwashwa saa tatu usiku Neema akilala, huzimwa saa kumi na mbili asubuhi akiamka. Masaa 9. Mara 245, unapata masaa 2,205.

Namba hiyo imekaa sawa mno. Uchafu haujui kuhesabu hadi 2,200. Nikabonyeza kitufe kwa sekunde tano bila hata kufungua kifuniko, na taa ikazima. Filta ni ile ile, vumbi ni lile lile, na mashine imeridhika kabisa kwamba imevishwa nguo mpya.

Kwa hiyo ni saa ya ukutani tu, imevaa koti la daktari. Niseme pia kwamba kuna taa nyingine juu, ile inayogeuka bluu, njano au nyekundu mtu akikaanga kitu. Hiyo inapima hewa ya chumbani kwa kijicho kidogo kilicho ubavuni. Wengi huzichanganya. Kijicho chenyewe nimekipangusa kwa pamba kavu ya masikio, pamba ikatoka na rangi ya majivu. Sijui kimekuwa kikiona nini miezi yote hii.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeifungua yote juu ya gazeti. Kuna tabaka tatu. Mbele ni wavu wa plastiki wa kuzuia nywele na nyuzi za blanketi. Katikati ni karatasi nyeusi yenye punje za makaa, kazi yake ni harufu na gesi. Nyuma ndiyo filta yenyewe, HEPA, kitambaa kilichokunjwa-kunjwa kama sketi ya shule. Ilikuja nyeupe. Sasa ni kijivu cha lami ya zamani, na upande mmoja wa juu una rangi ya chai ya maziwa. Upande huo ndio ulio karibu na dirisha.

Mke wangu ameangalia mara moja akasema hukumu imetoka, inunuliwe. Huenda ana haki, ila rangi nayo siiamini. HEPA ya kweli hushika angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kipimo hicho kilichaguliwa kwa sababu chembe za ukubwa huo ndizo ngumu kushikwa. Chembe kubwa ni kama lori linaloingia kona kwa kasi: hewa inapinda, lenyewe linashindwa, linajibamiza kwenye uzi. Chembe ndogo sana ni kama mlevi aliyetoka kwa mama pima, anayumba huku na huku hadi akumbatie ukuta. Hizi za katikati ni bodaboda. Si nzito vya kutosha kukosa kona, si nyepesi vya kutosha kuyumba, basi zinapenya. Unywele wa mtu kwa kawaida una upana wa mikroni 50 na zaidi. Kinachoifanya filta iwe kijivu machoni pangu si lazima kiwe ndicho kinachoingia kwenye mapafu ya Neema.

Tena, filta nyingi za nyumbani zimeshonwa kwa nyuzi za plastiki zilizotiwa umeme tuli, ule unaosimamisha nywele ukivua sweta. Umeme huo unasaidia kuvuta chembe. Moshi wenye mafuta ukizipaka nyuzi, nguvu ya kuvuta inapungua, na jicho haliwezi kuona kwamba imepungua. Mandazi hayo.

Jumamosi, 24 Mei

Binamu yangu anasomea uhandisi na ana kihisi cha vumbi, PMS5003, kilichobaki kwenye mradi wa chuo. Ni kisanduku kidogo kinachotosha kiganjani. Ndani feni inavuta hewa mbele ya mwanga wa leza, na mwanga unaotawanywa na chembe ndio unaohesabiwa. Watu wa sensors.AFRICA, mradi wa kupima hewa, wamekuwa wakitundika vihisi vya jamii hii sehemu mbalimbali za jiji. Ameniunganishia kwenye bodi ndogo ya Wi-Fi, ESP8266, namba zinatokea kwenye simu. Malipo: chapati sita na maharagwe.

Jaribio ni hili. Neema ameenda kwa shangazi yake, maana sitawasha moshi akiwa ndani. Nafunga dirisha na mlango, nawasha kijiti kimoja cha udi, feni ya mezani inazungusha hewa. Kihisi kikifika mikrogramu 300 kwa mita ya ujazo nauzima udi, nasubiri dakika moja, nawasha mashine kwa kasi ya mwisho. Kisha natazama saa: kutoka 200 hadi 100 inachukua dakika ngapi? Nimeupa jina la muda wa nusu.

Kwanza bila mashine. Moshi hutua wenyewe na kutoroka chini ya mlango. Muda wa nusu, dakika 50.

Kisha na mashine. Dakika 14.

Binamu amenipa njia ya mkato: 41.6 ugawe kwa muda wa nusu, unapata ni mara ngapi kwa saa hewa ya chumba inasafishwa. Bila mashine ni 0.83. Na mashine ni 2.97. Tofauti yao, 2.14, ndiyo kazi ya mashine. Chumba kina mita za ujazo 28 (3.6 kwa 3 kwa 2.6), kwa hiyo mashine inatoa karibu mita za ujazo 60 za hewa safi kwa saa.

Sanduku lake limeandikwa 200.

Nilinyamaza kidogo hapo. Tumekuwa tukilipa tokeni za stima kwa theluthi ya mashine.

Jumapili, 25 Mei

Leo nimeshughulika na wavu wa mbele peke yake. Nilidhani ni kijivu kwa asili yake. Kumbe ni mweusi! Vumbi lilikuwa limejisokota juu yake kama blanketi la manyoya, unaweza kulibandua kwa kucha likatoka kipande kizima. Ndani mlikuwa na nywele, uzi wa pinki wa sweta ya Neema, na bawa la kumbikumbi. Nimelipiga brashi kavu nje, nikauosha wavu kwa maji ya uvuguvugu, nikauacha kivulini hadi ukauke kabisa. Wavu ni wa kuoshwa. HEPA na makaa haviguswi na maji.

Udi tena. Dakika 12.

Dakika mbili zimerudi bure, kwa brashi ya viatu. Ni mita za ujazo 74 sasa. Lakini bado sijui filta ikiwa mpya hufanya ngapi. Nilipaswa kupima Septemba. Nani hupima kitu siku kikiwa kipya?

Jumapili, 1 Juni

Madaraka. Tumeenda kwa dada yangu Kahawa West kula nyama. Ana mashine kama yangu, alinunua wiki moja baada yetu, na taa yake imewaka juzi. Nikamweleza mradi. Akajigamba: "Wewe mtaa wako ndio mchafu. Filta yangu iko nyeupe pepepe, kama siku niliyoinunua."

Nikaomba kuiona. Kweli, nyeupe kabisa. Nikaipitisha kidole, na kidole kikateleza. Nikatafuta ukingo, nikaufuata hadi kwenye kona, nikaushika. Ikatoa ule mlio wa biskuti inayofunguliwa.

Filta ilikuwa bado ndani ya nailoni yake.

Miezi minane. Shemeji alicheka hadi akashika ukuta. Dada hakucheka mara moja. Alikaa na kichujio mkononi kama mtu aliyeambiwa kanisa alilokuwa akitolea sadaka halipo. "Lakini ilikuwa inavuma," akasema. Ilikuwa inavuma, ndiyo, feni inazunguka na hewa kidogo inapenya pembeni. Nchi imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2017, na bado nailoni inatuponza.

Ninaliandika hili kwa sababu ndilo jaribio zuri kuliko yote niliyopanga, na sikulipanga. Filta ambayo haikushika hata chembe, na filta yangu iliyokula moshi wa mandazi kila alfajiri, zote zimewashiwa taa nyekundu kwa wakati mmoja. Mke wangu ameacha kusema taa imesema.

Jumamosi, 14 Juni

Mshahara. Nimeshuka mjini. Duka moja, silitaji, lina filta "inayoingia" mashine yangu kwa shilingi 2,400. Nikauliza kama ni HEPA ya kweli. "Boss, hii ni orijino kabisa, soma hapo." Hapo pameandikwa H13. Katika viwango vya Ulaya, H13 inatakiwa kushika asilimia 99.95 ya chembe zile ngumu zaidi, lakini karatasi haikatai wino. Nikanunua hata hivyo. Tamaa, na udadisi pia.

Nyumbani: dakika 9. Bora kuliko kuukuu, hilo halina ubishi. Nikazima taa za chumba, nikamulika tochi ya simu kwa nyuma. Mikunjo yenyewe haikuvuja mwanga, ila kando ya fremu palikuwa na mstari mwembamba unaong'aa urefu wote wa upande wa kushoto. Filta ni fupi kwa milimita tatu hivi na haina sponji ya ukingoni. Hewa ni mvivu. Ikipewa njia mbili, itapita penye upenyo, na vumbi lake.

Nikabandika sponji ya kuzibia milango. Dakika 7 na nusu.

Kumbe sehemu ya ubovu haikuwa kitambaa, ilikuwa fremu. Nimeanza kutazama ukingo wa filta kama fundi wa cherehani anavyotazama pindo.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekubali yaishe, nimenunua ya 5,800, ile ya kampuni ya mashine yenyewe. Nailoni nimeitoa mbele ya mashahidi wawili.

Dakika 6. Mita za ujazo 171. Si zile 200 za sanduku, lakini chumba cha Donholm chenye kabati na kitanda si maabara, na sina ugomvi na tofauti hiyo.

Sasa nina mwanzo, kwa hiyo naweza kuweka mwisho. Nimeamua: kazi ikishuka hadi nusu ya ilivyokuwa ikiwa mpya, wavu ukiwa umeoshwa, filta inatoka. Nusu ya 171 ni kama 85, na kwa chumba hiki 85 ni muda wa nusu wa karibu dakika 11. Mwingine angeweka mstari kwingine. Mwenye mtoto wa pumu huenda akauweka mapema, mwenye mashine kubwa kuliko chumba anaweza kungoja. Mimi ni 11. Ile ya zamani, kwa dakika zake 12, ilikuwa imekwisha tayari taa inawaka, na huenda iliisha wiki nyingi kabla.

Nilijaribu pia mizani ya jikoni. Filta mpya gramu 412, kuukuu gramu 431. Gramu 19 za jiji, hazifiki hata vijiko vitano vya chai vya sukari. Nikafurahi sana, nikadhani nimepata njia rahisi kuliko udi. Usiku ukanyesha. Asubuhi kuukuu ilikuwa gramu 438. Ilikuwa imekunywa unyevu wa hewa. Mizani imerudi kwenye unga.

Julai, kwa ufupi

Baridi. Mawingu yamekaa chini wiki mbili, jua halionekani hadi saa nane mchana, na moshi haupandi, unabaki mtaani nasi. Watu wanaota jiko la makaa kwenye korido. Tangu filta mpya iingie tunawasha mashine masaa 14 kwa siku badala ya 9, kwa sababu Neema yuko ndani zaidi.

Saa moja jioni kwenye roshani kihisi kinasoma 40, siku nyingine 55. Chumbani mwa Neema, mlango ukifungwa, 8 au 9. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa masaa 24 wa chembe laini za mikroni 2.5 kushuka (PM2.5) usizidi mikrogramu 15. Namba za roshani nazichukua kwa tahadhari: unyevu ukizidi, matone huvimba juu ya chembe na kihisi cha leza huzisoma kuwa kubwa kuliko zilivyo. Asubuhi ya ukungu kilinipa 90 na hewa haikunuka chochote.

Wavu unapigwa brashi kila Jumamosi ya pili. Muda wa nusu mwisho wa mwezi: dakika 6 na nusu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama amekuja kutoka Machakos juzi. Leo nimerudi kutoka sokoni nikakuta filta kuukuu imeanikwa kwenye kamba ya nguo, katikati ya sare mbili za shule, inadondosha maji ya kahawia.

"Mwanangu, nimekuta kitu chako kichafu nyuma ya mlango," akasema. "Nimekisugua na sabuni ya unga. Sasa kiko sawa."

Na kwa macho kilikuwa sawa kweli. Kilikuwa kimerudi karibu weupe wa kwanza. Nikamshukuru, maana huwezi kumfokea mama aliyeinama kwenye karai kwa ajili yako, na kwa kweli amenipa jaribio ambalo nisingelithubutu. Nikaiacha ikauke siku nne.

Nimeongeza matokeo haya tarehe 13: nikiirudisha kwenye mashine, karatasi ya choo niliyoning'iniza juu ya tundu la kutolea hewa ilipepea kuliko hata kwenye filta mpya. Hewa tele. Kihisi kikasema dakika 19.

Hapo ndipo jambo lilinikaa kichwani. Kuna maswali mawili, si moja. Hewa inapita? Inapopita, inachujwa? Vumbi likiziba mikunjo, swali la kwanza linaharibika, na karatasi ya choo itakuambia. Umeme wa nyuzi ukifa kwa sabuni au kwa mafuta, linaharibika la pili, na karatasi itapepea kwa furaha huku moshi ukipita katikati. Muda wa nusu unauliza yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana nimeng'ang'ana nao.

Nilimweleza Mama. Akasikiliza yote, kisha akaniuliza mbona basi wasitengeneze cha kuoshwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo ni ile karatasi ya makaa. Nimeisahau miezi mitatu kwa sababu kihisi changu hakiioni. Kihisi kinahesabu chembe, na harufu si chembe, ni gesi. HEPA nayo gesi inapita ndani yake kama maji kwenye wavu wa samaki. Makaa ndiyo hushika gesi kwenye vitundu vyake, na vitundu vikijaa, vimejaa. Hakuna rangi inayobadilika, kwa kuwa nyeusi ilikuwa tangu zamani.

Omena ndiyo iliyosema. Tulizikaanga jana jioni, mlango wa jikoni wazi, mashine ikivuma. Leo asubuhi Mama Brayo alileta mandazi, akasimama mlangoni: "Huku leo ni Kisumu?" Sisi hatukusikia kitu. Pua ikikaa ndani ya harufu huizoea, ndiyo maana kipimo cha makaa ni lazima kiwe pua ya mgeni.

Tena asubuhi nikiwasha mashine kwenye chumba kisicho na harufu, kwa dakika chache za kwanza inatoa kitu chachu, kama nguo iliyokauka vibaya. Makaa yaliyojaa huweza kuachilia yaliyoshika, hasa joto au unyevu ukibadilika. Karatasi mpya ni shilingi 1,200. Nimeinunua, na Mama Brayo ameteuliwa rasmi kuwa kihisi cha pili. Malipo yake amekataa, ila alipoulizwa kuhusu zile kuni alisema ameshachoka nazo mwenyewe, macho yanamwasha. Mwezi ujao anahamia gesi.

Makaa nitayabadilisha kila miezi mitatu au minne bila kungoja HEPA. Kuyafungia ratiba moja ni kumlazimisha mmoja avae viatu vya mwenzake.

Jumanne, 25 Novemba

Taa nyekundu.

Nilikuwa nimeiandika kwenye kalenda! Masaa 2,200 kwa masaa 14 kila siku ni siku 157 tangu 21 Juni, na siku ya 157 ni leo. Neema aliiona kabla sijavua viatu, akaja mbio, lakini hakusema mashine ni mgonjwa. Alisema, "Baba, imefika tarehe."

Udi jioni. Dakika 8. Mita za ujazo 122, bado ni zaidi ya theluthi mbili za ilivyokuwa ikiwa mpya. Mwezi Mei taa ilichelewa, sasa imewahi. Filta ni aina ile ile, taa ni ile ile. Kilichobadilika ni brashi ya kila wiki mbili, na mtungi wa gesi wa Mama Brayo tangu Oktoba. Nimebonyeza sekunde tano, nimeizima, filta imebaki.

Mke wangu ameuliza tunaokoa kiasi gani. Nimemwambia nikifika Februari nayo itakuwa imekaa miezi minane. Akasema hilo ndilo waliloandika kwenye kitabu tangu mwanzo. Sikuwa na jibu.

Jumamosi, 17 Januari 2026

Haikufika Februari. Kiangazi kimekauka, kuna barabara ya mtaa inachimbwa nyuma ya ploti, na vumbi jekundu linalala juu ya kila kitu, hata juu ya maziwa ukiyaacha wazi. Wavu naupiga brashi kila wiki. Wiki iliyopita dakika 10. Leo, wavu safi, nimepima mara mbili kwa sababu ya kwanza sikuipenda: 11 na nusu, kisha 11 na nusu tena.

Sikubishana. Filta mpya ilikuwa chini ya kitanda tangu sikukuu. Nimeandika tarehe ya leo ukingoni mwake kwa kalamu ya wino mzito, nimekagua sponji pande zote nne kwa tochi, nimeirudisha, nimefunga kifuniko. Kuukuu nimeifunga kwenye mfuko nje ya nyumba, kwa upole, isitikisike. Mama ameshaonywa kwa simu.

Kisha nikasita, mkono bado kwenye kifuniko. Neema alikuwa amesimama nyuma yangu, ameinua kitu kinachometa.

"Nailoni hii hapa, Baba. Nimeishika."